Kigoda cha Baba Mkubwa

Iko jioni moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Marehemu baba yako alilijua hilo na hakuwahi kuninunia. Baba yangu, yule Luhende ambaye wewe umebeba jina lake, alikuwa amekaa peke yake uani, hapahapa Buswelu, mbele ya moto. Nilimpelekea maji ya kunawa, ugali wa mtama na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa. Nikapiga goti, nikamnawisha, nikainuka nirudi jikoni kwa mama kama ilivyokuwa desturi. Akasema, "Kabula, kaa."

Sikukaa. Nilidhani mboga imekosa chumvi, maana kwa habari ya chumvi baba alikuwa hana subira hata chembe.

Nitarudi kwenye jioni hiyo. Kwanza niseme kwa nini nimekuita, maana najua una haraka; nyinyi vijana siku hizi mna haraka hata ya kukaa.

Juzi ulipotoka hospitali nilikuuliza mkeo amejifungua mtoto gani. Ukanijibu, "Wa kike tena, mama," halafu ukaanza kutafuta simu uliyokuwa umeishika mkononi. Mtoto mzima, mama yake mzima, mvua imenyesha usiku kucha kumpokea, na wewe una uso wa mtu aliyefika gatini akakuta kivuko cha Kamanga ndiyo kwanza kinaondoka. Sikukasirika. Nasema uongo, nilikasirika, ila nilinyamaza kwa ajili ya jirani aliyekuwa ameleta uji wa mzazi. Najua pia kwamba ndugu za marehemu baba yako wamekupigia simu. Wanakunong'oneza kuwa mwanamke wa mabinti watupu aongezewe mwenzake, au utafute wa kiume huko pembeni. Hawakuniambia mimi, lakini lisemwalo lipo. Basi hilo neno lako moja, "tena", limenikaa kifuani kama mwiba wa samaki sato, na mwiba haumezwi, hutolewa. Kaa basi, mwanangu. Chai ipo, na viazi vipo.

Baba yangu alizaliwa Usagara ya huku kwetu, kwenye boma la ng'ombe, kitinda mimba wa mama yake. Kaka yake mkubwa alikuwa Maganga, ambaye sisi tulimwita baba mkubwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, na ukoo mzima ulimsikiliza yeye. Ng'ombe wa babu walibaki chini ya Maganga. Baba alimchukua mama akahamia huku, wakati huo Buswelu ni vichaka na mawe, na fisi wanapita uani kama majirani. Akaanza kazi ya kupasua mawe. Mjini watu walikuwa wanajenga milimani, misingi ilihitaji mawe, na baba alikuwa na mgongo wa kuyabeba.

Sijui kama umewahi kuona jiwe kubwa kama nyumba linavyopasuliwa kwa mkono. Halipigwi nyundo kavukavu. Baba alikuwa analipangia magogo mgongoni, anawasha moto, na moto unakaa juu yake tangu asubuhi mpaka jiwe linashiba joto. Ndipo anapanda na nyundo. Ukilipiga kabla halijashiba, unavunja mpini, na pengine mkono. Niliwahi kumpelekea chakula kilimani, mahali ambapo ziwa lote linaonekana kule chini, nikamkuta amekaa kando ya jiwe linalowaka, amekunja mikono, kama mama anayengoja chungu cha maharage.

"Baba, leo hufanyi kazi?" nikamuuliza.

"Hii ndiyo kazi," akanijibu, akanusa ugoro wake.

Jioni alifunga kwenye baiskeli visinga vilivyobaki, yale magogo yaliyoungua nusu, akaja navyo nyumbani. Moto uliopasua jiwe mchana ndio huohuo tuliouota jioni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi mwaka mzima, na wasiomjua walidhani ni mlevi. Mikono yake ilikwaruza hata ikikubembeleza. Mimi hadi leo nikishikwa na mkono laini wa mwanaume huwa namtilia shaka kidogo, na baba yako alinisamehe hilo pia.

Visinga hivyo vilikuwa vya shikome. Shikome, kwa wewe uliyelelewa na televisheni, ni ule moto wa uani wa Wasukuma. Jioni wanaume wa boma hukaa hapo na watoto wao wa kiume. Wanakula pamoja, wazee wanasimulia mambo ya ukoo, wanafundisha, wanakanya. Wanawake na mabinti hula jikoni. Mwanaume mwenye mji alijulikana kwa shikome yake, na mji usio na moto huo ulihesabika kama umehamwa. Sasa baba yangu alijaliwa mimi Kabula, kisha mapacha Kulwa na Doto, kisha Shija anayefuata mapacha, wote wa kike. Baada ya Shija mama hakushika mimba nyingine. Kwa hiyo baba alikuwa na moto usio na watu. Kila jioni aliuwasha, akala peke yake, na sisi tumebanana jikoni tunacheka, tunauona mgongo wake tu kupitia mlangoni. Mtu ametoka kilimani, amechoka kwa ajili ya watoto, halafu anakula na mbwa.

Basi ndiyo jioni ile akasema, "Kabula, kaa." Aliporudia mara ya pili, nikakaa, tena pembeni kabisa ya gogo, kama kuku aliyeingia kanisani. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Kabula, mtoto wa kike pale shikome? Watu watasemaje?"

"Watasema ugali ulikuwa mwingi kwa mtu mmoja," baba akajibu, akanimegea tonge.

Nilikula bila kujua ninakula nini. Alipomaliza kunawa akanigeukia akaniuliza, "Haya. Leo umeona nini?"

Nikamwambia nimeona kenge juu ya jiwe la kwa jirani yetu Mama Nkwimba, akila mayai ya kuku wa watu. Baba akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akataka kujua kenge alikuwa mkubwa kiasi gani, alipandaje, kuku alifanya nini, na kama nilimwambia Mama Nkwimba au nilikaa nikatazama tu. Mwanangu, nilikuwa nimekwisha kuvunja ungo, najua kupika, najua kulima, lakini kabla ya hapo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza jambo akakaa kusubiri jibu. Usiku ule nililala nikijiona nina urefu zaidi.

Kesho yake mapacha walikuja bila kuitwa. Keshokutwa Shija akaja akikokota kigoda kinachomzidi uzito. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Baba akirudi, tunapanga visinga, tunawasha, tunakula naye, na kila mmoja anasema ameona nini siku hiyo. Doto hadithi zake zilikuwa ndefu kama barabara ya Shinyanga. Baba alikuwa anasinzia katikati, Doto anamfinya, naye bila kufumbua macho anasema, "Nasikia, mama, mbuzi akaingia kwenye shamba," na kweli mbuzi alikuwa ameingia kwenye shamba. Alitufundisha majina ya mababu hadi yule wa kwanza kuja Usagara. Alitufundisha vitendawili, namna ya kunoa jembe, na namna ya kumkatalia mtu bila kumtukana. Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za ghafla, aliimba vibaya na hakukubali kuambiwa. Lakini kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na baba yangu alifanya kazi mbili, ya mchana na ya jioni.

Watu walisema, kama mama alivyotabiri. Kisimani wenzangu walinitania kuwa nitaota ndevu. Wapo waliosema Luhende kakosa watoto wa kiume mpaka kachanganyikiwa. Maneno hayo yalipanda baiskeli yakafika Usagara, na msimu mmoja, mavuno yakiwa ndani, Baba mkubwa Maganga akaja mwenyewe.

Ile siku baba alikuwa amechelewa mlimani, kwa hiyo moto tuliuwasha wenyewe. Baba alifika, hajakaa sawasawa, mara tukasikia kikohozi cha mkubwa wake getini, enzi zile geti lenyewe ni minyaa. Tukapiga magoti kumwamkia. Shija akamkimbilia na kigoda, kile kizuri cha miguu mitatu alichochonga baba mwenyewe kutoka mti wa mninga, akakiweka upande usio na moshi. Maganga hakukikalia. Alisimama na fimbo yake, akatutazama mmoja mmoja.

"Luhende, hawa wanafanya nini hapa?"

"Wanakula, kaka. Karibu, chakula bado cha moto."

"Sikuja kula." Akashusha sauti, lakini sauti ya Maganga hata ikishuka ilikuwa inafika jikoni. "Ukoo tumekaa. Tumekuona umekuwa kichekesho. Yupo binti kwa watu tunaowajua, watu wa heshima, wamezaa wanaume mpaka basi. Ng'ombe wa mahari tutatoa sisi, wewe hutatoa hata mguu. Mwezi ukiandama tunamleta. Mama Kabula hafukuzwi, atakaa, atasaidia."

Nilisikia mwiko umesimama kwenye chungu. Mama alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na ninajua alikuwa amesimama kwa sababu kivuli chake kilikuwa chini ya mlango na hakikutikisika. Hapo ndipo nilipoelewa kinachokuja. Mama yangu, aliyeponda udongo wa nyumba ile kwa miguu yake, angefanywa msaidizi ndani yake, na sisi tungerudi jikoni kutazama mgongo wa baba mlangoni, wakati huo akiwa na watoto wengine.

Baba akasema, "Nashukuru, kaka. Mke ninaye."

"Mke unaye, mji huna! Binti ni wa kupita, wewe hulijui hilo? Ng'ombe wa mahari wataingia kwa ajili ya hawa, sawa, nani atawachunga? Na siku ukifa, nani atauwasha huu moto?"

Mwanangu, mimi ndiye mkubwa. Nikainuka mbele ya wazee bila ruhusa, nikasema kwa sauti, "Baba mkubwa, mimi ndiye mtoto wa kiume wa baba!"

Nilidhani nimesema neno kubwa. Maganga mwenyewe alilainika kidogo, akatikisa kichwa kwa kusikitika. "Unaona? Huyu ana moyo wa kiume kweli. Mungu alikosea kidogo tu."

Baba aligeuka. Nilitegemea atanisifu. Aliniangalia kwa yale macho yake mekundu, akanipa karipio ambalo mpaka leo linanifaa kuliko sifa zote nilizowahi kupewa.

"Kabula, kaa chini. Na hilo neno usilirudie tena katika mji wangu. Mimi sina mvulana aliyepotea njia. Nilipokuita hapa nilimwita Kabula." Kisha akamwelekea kaka yake, kwa upole, maana Maganga alikuwa kama baba kwake. "Kaka, sikuwaweka hapa kwa sababu nimekosa watoto wa kiume. Nimewaweka kwa sababu nina watoto. Umeuliza nani atauwasha moto. Waulize nani ameuwasha leo."

Maganga hakuuliza. Lakini Shija, ambaye hakuelewa lolote katika yale mazungumzo isipokuwa swali hilo, alinyoosha mkono juu, mweusi wa masizi mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Mimi!"

Nani angecheka? Ningecheka leo. Siku ile hakuna aliyecheka. Baba mkubwa alitazama ule mkono, akatazama moto, akageuka akaondoka bila kuonja hata maji. Kwa Msukuma, ndugu wa tumbo moja kuondoka nyumbani kwako bila kula ni sawa na kukufungia mlango. Alilala kwa rafiki yake jirani. Asubuhi alipita kumchukua ng'ombe wa maziwa aliyekuwa ametukabidhi tumtunze, ambaye mapacha walimpenda wakampa jina. Alimswaga mbele yetu hadi barabarani. Mapacha walimfuata wakilia mpaka pale jiwe la kwa Mama Nkwimba, na baba hakumzuia kaka yake wala hakuwazuia wao kulia.

Usiku uliotangulia sijui baba na mama walisema nini. Ninachojua ni kwamba jioni ya siku hiyo, siku ya kwanza bila maziwa, tumekaa kwenye moto tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kila mmoja amenuna, mlango wa jikoni ulifunguka. Mama alitoka na kigoda chake. Tangu tuanze kukaa pale hakuwahi kuja. Alituachia, lakini mwenyewe alikula ndani. Akakiweka kigoda katikati yangu na baba, akakaa, akasema, "Kama tumefukuzwa kwenye ukoo, basi tufukuzwe pamoja." Baba akamsogezea sahani. Baada ya muda akamuuliza, kwa aibu kidogo, kama kijana anayeposa, "Mama Kabula, leo umeona nini?"

Mama akasema, "Nimeona mwanaume." Baba akainama, akasogeza kisinga ambacho hakikuhitaji kusogezwa.

Na kile kigoda cha mninga alichokikataa Maganga? Shija alitaka kukichukua kiwe chake. Baba akakataa. Akasema, "Hicho ni cha baba yenu mkubwa. Mwekeeni palepale." Kuanzia hapo, kila jioni moto ukiwashwa, kigoda hicho kilitolewa ndani kikawekwa upande usio na moshi, na hakuna aliyekikalia, hata mgeni. Kikalowa mvua, kikaingizwa ndani, kikatolewa tena. Mimi kilinikera. Nilikuwa namchukia Maganga kwa ajili ya mama, kwa ajili ya ng'ombe, na kwa ajili ya lile neno kwamba Mungu alikosea kidogo. Siku moja nikamuuliza baba tutakitoa mpaka lini.

"Mpaka jiwe lishibe moto," akasema.

"Na likikataa?"

"Mimi nimepasua mawe maisha yangu yote, ng'wanawane," mwanangu kwa Kisukuma, aliniita hivyo akinibembeleza, "halijatokea lililokataa. Yapo yanayochelewa."

Miaka ikaenda kama inavyokwenda. Bila yule ng'ombe baba aliongeza kazi, akawa anatoka kabla jogoo hajawika, lakini jioni alikuwa pale. Tukasoma kadiri tulivyoweza, tukaolewa mmoja mmoja. Maganga alialikwa kila harusi na kila harusi alituma mtu. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Na kweli wapo waliolima katikati ya baba na kaka yake, wakipeleka maneno huku na huko. Baba hakuongeza hata neno moja. Sisi tuliokuwa tumeolewa tukija kumsalimu, tulikuta kigoda kiko mahali pake, kimepasuka kidogo ukingoni.

Moshi na vumbi la mawe vikamwingia kifuani. Mwishoni hakuweza kutembea kutoka kitandani hadi uani. Tulimbeba na blanketi, tukamkalisha kwenye moto, mama upande mmoja, Shija upande mwingine. Jioni moja ilikuwa zamu yangu kusema. Akaniuliza, kwa sauti iliyobaki, "Leo umeona nini, Kabula?"

Nikasema, "Sijaona kitu, baba," kwa sababu nilikuwa nalia.

"Haiwezekani. Mtu ameishi siku nzima akose kitu? Tafuta."

Nikatafuta. Nikamwambia wakati nafua nimeona kenge amepita juu ya ukuta. Akatabasamu. Akataka kujua alikuwa mkubwa kiasi gani. Hakusubiri jibu lote. Alisinzia, na safari hii hakukuwa na haja ya kumfinya. Siku chache baadaye alituacha. Nilimpenda baba yangu, na nikikwambia nimezoea kutokuwepo kwake nitakuwa nakudanganya.

Kwenye msiba, watu wa Usagara walikuja wengi. Maganga naye alikuja, mzee sasa, fimbo haikuwa ya kuswagia ng'ombe tena bali ya kumshikilia yeye. Ilikuwa jioni, baada ya maziko. Wanaume walikuwa wameketi uani kwenye moto wa matanga, ambao waliuwasha palepale kwenye shikome ya baba, na sisi mabinti tuko ndani mikekani na mama na wanawake wengine, kama desturi ilivyotaka. Wakati ule hata mimi sikuwa na nguvu ya kupigania mahali pa kukaa. Nilikuwa dirishani.

Viti vilikuwa vimejaa. Maganga alisimama, anatafuta pa kukaa, na vijana walikuwa wanainuka kumpisha. Ndipo Shija alipotoka na kile kigoda. Alipita katikati ya wanaume, mama wa watoto sasa, khanga kiunoni, akakiweka upande usio na moshi, palepale. Akapiga goti. "Karibu, baba mkubwa."

Maganga akakitazama. Aliupapasa ule ufa ukingoni. "Hiki si kile?"

"Ndicho. Baba alisema ni chako. Tumekutolea kila jioni."

"Kila jioni?"

"Kila jioni, baba mkubwa. Tangu siku ile."

Yule mzee alikaa. Alikaa taratibu, kama mtu anayeogopa kitavunjika. Kisha akajifunika uso kwa kofia yake akalia, yule mtu wa sauti ya ng'ambo ya bonde, akalia kama mtoto, na wanaume wote wakatazama chini. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Maganga alikataa kula na ndugu yake, na sasa alibakiwa na kifo cha ndugu huyo tu cha kushiriki. Aliponyamaza alimtazama kijana aliyekuwa anasogeza visinga kwenye moto, akamgusa kwa fimbo.

"Acha. Huo si wako." Akanyanyua uso kuelekea nyumbani, na sauti yake ya zamani ikamrudia ghafla. "Waiteni wenye moto!"

Tukatoka. Mimi, Kulwa, Doto, na mama katikati yetu tumemshika mikono. Wanaume wakasogea, wakatupisha. Shija akapiga magoti akapanga visinga kama alivyofundishwa, na moto wa baba ukawaka.

Sasa nikuachie uende, mwanangu, mkeo anasubiri uji. Lakini hili ulibebe. Usiwahi kuhesabu ambao hawajaja ukaacha kuwatazama waliokuja. Mabinti zako si safari ya kuelekea kwa mtoto wa kiume. Kila mmoja wao amefika. Na usije ukamsifu hata mmoja kwamba ni kama mvulana, maana hiyo ni sifa inayonyang'anya. Wanaokupigia simu ni ndugu zako, usiwatukane. Waambie "mke ninaye" kwa upole, na uwatolee kigoda kila siku hata wasipokuja. Usipige jiwe ambalo halijashiba. Kazi yako ya mchana naiona, unajituma, hakuna anayebisha. Mimi nakudai ile ya jioni. Hapo kwako mjini pengine hakuna uani wala visinga, basi washa hata jiko la mkaa barazani. Weka simu ndani. Waite wale wawili kwa majina yao, mkalishe na mama yao akipata nguvu, na huyu mchanga mpakate. Waulize leo wameona nini, na usisinzie. Babu yako alipasua mawe, wewe huna kisingizio hicho.

Jina la mtoto sitakuchagulia. Nimesema tu kwamba mvua ilinyesha, na mimi nilizaliwa wakati wa mvua, nikaitwa Kabula.

Nenda, Luhende wa Kabula. Mungu akupe mgongo wa babu yako na subira yake. Chakula chako kiwe kingi kuliko mtu mmoja, na ukifika mwisho wako, kama sisi sote tutakavyofika, watu wakisimama uani kwako wasijue la kufanya, isikike sauti ikiwaita wenye moto, na mabinti zako watatu watoke.